Mama akilisha nyumba, baba hapotezi heshima

Mjini Kalemie, sifa kubwa ya mwanamke aliyeolewa ni kwamba anavumilia. Wazee humwambia avumilie siku ya kutoa mahari, na siku ya ndoa, kanisani au msikitini, anaambiwa tena. Bwana yeye huambiwa atafute chakula cha nyumba.

Mgawanyo huo ulieleweka wakati kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilikuwa kinafanya kazi na treni ya Kabalo inatembea kwa ratiba. Leo kiwanda kimekufa zamani, na wafanyakazi wa reli wamepitia vipindi virefu bila mshahara. Katika nyumba nyingi, chakula cha jioni, dawa na sare za watoto vinatoka ndani ya beseni ya mama anayeuza ndakala, mikebuka, unga wa muhogo au makala. Kila mtu kwenye kartiye anajua, lakini baba akiwa na wageni jambo hilo halisemwi.

Kunyamaza huko kunaharibu ndoa, na kuna filamu ya zamani kutoka India inayoonyesha namna gani. Inaitwa Mahanagar, maana yake Mji Mkubwa. Satyajit Ray aliitengeneza mwaka 1963 kwa lugha ya Kibengali, na mwaka uliofuata tamasha la filamu la Berlin lilimpa zawadi ya mwongozaji bora. Mji wenyewe ni Calcutta, lakini nyumba inayoonyeshwa ingeweza kuwa hapa kando ya Lukuga.

Subrata ni karani wa benki. Mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, na anaishi na bibi yake Arati, mtoto wao, dada yake na wazazi wake. Arati anapata kazi ya kuuza mashine za kufuma nyumba kwa nyumba. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, anakasirika na kukataa kupokea pesa ya mkwe wake. Badala yake anazunguka kwa wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni watu wakubwa, akiomba msaada. Anaona ni afadhali kuomba nje kuliko kula jasho la mwanamke wa nyumbani kwake. Kalemie ina wazee wa namna hiyo.

Subrata mwenyewe ndiye aliyekubali bibi yake atafute kazi, lakini Arati anapofaulu, wivu unamwingia. Anamtaka aache. Arati anakubali, barua ya kuacha kazi inaandikwa, na kabla hajaitoa benki ya Subrata inaanguka. Bwana yuleyule anakimbilia simu kumwambia asiache. Kuanzia siku hiyo mshahara wa nyumba nzima ni wa Arati.

Ray hamfanyi Subrata kuwa mtu mbaya. Hapigi, halewi, anampenda bibi yake. Kinachomtesa ni haya: amefundishwa tangu utoto kwamba mwanaume asiyeleta chakula si kitu, na hakuna aliyemfundisha namna ya kupokea. Wanaume wengi wa Kalemie wako hapo. Aliyesimamishwa kazi, au aliyekimbia vita vijijini na kuacha shamba lake nyuma, hakuchagua kulishwa. Lakini haya yake isipozungumzwa inageuka amri: leta pesa yote, usichelewe sokoni, usiingie kwenye likelemba bila kuniuliza. Mama anafanya kazi ya watu wawili, na bado anaomba ruhusa ya kutumia faida yake mwenyewe.

Sheria imeshasogea. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, ile watu huita Code de la famille, ilimlazimu mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana yake kabla ya kufanya jambo la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Ibara ya 448 sasa inataka wote wawili wasikilizane. Bwana alibaki mkuu wa nyumba kwa mujibu wa sheria, na hapo ndipo wengi wanaposimama. Wanaijua ibara ya 444 inayowapa ukuu, lakini ile ya kusikilizana hawajawahi kuisikia.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke akishika pesa, anamdharau bwana yake. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa sababu kila kartiye ina mfano wake. Lakini katika nyumba hizo, mara nyingi dharau ilianza kabla ya pesa, siku bwana alipokataa kusema asante. Arati haleti dharau nyumbani. Analeta mshahara, na anabaki mke, mama na mkwe. Anachotaka ni kwamba kazi yake ionekane kuwa kazi.

Mwisho wa filamu ndio unaofaa kujadiliwa zaidi. Mkubwa wa kazi anamfukuza Edith, mwenzake Arati, mwanamke mwenye damu ya Kihindi na ya Kizungu, baada ya kumsingizia tabia mbaya. Arati anadai mkubwa huyo aombe radhi. Anakataa. Arati anaacha kazi papo hapo, wakati nyumbani hakuna mshahara mwingine. Subrata ana sababu zote za kumgombeza. Hamgombezi. Anakubali kwamba bibi yake amefanya kilichokuwa haki, na wanatoka pamoja kutafuta kazi upya katika mji ule mkubwa. Kabla ya hapo uvumilivu ulikuwa wa mmoja. Hapo umekuwa wa wawili.

Ndoa za Kalemie zinahitaji uvumilivu wa namna hiyo, na kuupata hakuhitaji sheria mpya. Wazee wanaopokea mahari wanaweza kumuuliza kijana mbele ya watu: siku kazi yako ikiisha, utakula kwa amani mkono wa mke wako? Mapadri, wachungaji na maimamu wanaofundisha wachumba wanaweza kuongeza somo moja kuhusu pesa ya nyumba: nani analeta, nani anaamua, nani anaweka akiba. Afisa anayefunga ndoa ya serikali anaweza kueleza ibara ya 448 kwa Kiswahili, siyo kwa Kifaransa peke yake ambacho nusu ya ukumbi hawakifuati.

Na baba wa nyumba wana jambo dogo la kufanya leo jioni. Chakula kikifika mezani, waseme mbele ya watoto kimetoka wapi. Mtoto wa kiume atakayesikia baba yake akisema «mama yenu ndiye aliyetulisha leo» atakua akijua kwamba kupokea hakumshushi mwanaume. Mtoto wa kike atajua kwamba kuvumilia si kazi yake peke yake.