Kinga Yako, Kinga ya Jirani

Mwili hupata kinga dhidi ya surua kwa njia kuu tatu. Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mamaye tumboni, nayo hufifia baada ya miezi michache. Aliyeugua akapona hupata kinga ya kudumu, lakini wengine hupofuka au hufa kabla ya kuipata. Chanjo hutumia virusi vilivyodhoofishwa kuufundisha mwili kumtambua adui mapema. Hapa Uganda, mtoto huchanjwa surua atimizapo miezi 9. Kabla ya hapo, ngao yake ni sisi tuliochanjwa. Tukipungua chini ya takriban 95 kwa kila 100, surua hupenya. Basi anayekataa chanjo huufungulia ugonjwa mlango wa jirani.