Mlingoti wa Bendera na Radi za Alasiri

Aghalabu shule ipatapo tuzo ya mazingira, jambo la kwanza linalofikiriwa ni mahali pa kuipandisha bendera yake. Mlingoti mrefu hutafutwa, ukasimikwa katikati ya uwanja wa mstarini, ili kila mgeni aione bendera kabla hajamwona mwalimu mkuu. Fahari hiyo si kosa. Lakini katika nchi kama ile ya kata ya Bisibo, wilayani Biharamulo, magharibi ya Ziwa Viktoria, mlingoti wa namna hiyo ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Bendera ya tuzo ijulikanayo zaidi duniani ni ile ya kijani itolewayo na mpango wa Eco-Schools, ulioanza mwaka 1994 na ambao umekwisha kuenea hata Kenya na Uganda. Shule hupitia hatua saba, na mojawapo ya hatua za mwanzo ni ukaguzi wa mazingira: wanafunzi hupima taka, maji, nishati na miti yao. Ajabu ni kwamba ukaguzi huo, popote ufanywapo, aghalabu hutazama chini tu. Anga husahauliwa, kana kwamba si sehemu ya mazingira.

Nalo anga la nchi za Maziwa Makuu si la kudharauliwa. Vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba Kabare, mashariki ya Kongo, hupata miali ya radi ipatayo 205 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Ni Ziwa Maracaibo tu, nchini Venezuela, lililopita kiasi hicho. Katika mkoa wa Geita, unaopakana na Biharamulo, radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi mwezi Oktoba 2018, na wanafunzi 7 wa shule ya sekondari wilayani Bukombe mwezi Januari 2025. Huko Runyanya, Uganda, wanafunzi wasiopungua 18 walikufa mwezi Juni 2011. Wako wanaosema kwamba misiba hiyo ni kazi ya wachawi. Uchungu wao waeleweka, lakini maelezo hayo yana hasara moja kubwa: hayamwonyeshi mwalimu wa zamu la kufanya kesho yake.

Radi za nchi kavu hupiga zaidi alasiri, baada ya jua kuipasha ardhi joto na hewa yenye unyevu kupanda juu. Saa hizo ndizo bendera zinapokaribia kushushwa. Mawingu yakijikusanya ghafla, kiranja hutumwa mbio aiokoe bendera isilowe. Basi mtoto husimama peke yake uwanjani, chini ya kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, ameshika kamba yenye maji. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, wala si katika kitambaa.

Radi ikipiga mlingoti, mkondo wa umeme wa ampea 30,000 hivi hushuka kwa muda mfupi sana. Waweza kumrukia aliye karibu. Hata usipomrukia, hutawanyika ardhini, na volteji ya ardhi hupungua kadiri mtu awavyo mbali na mlingoti. Mguu mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali, tofauti ya volteji hupitisha umeme mwilini. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hufa kwa urahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Wako walimu watakaosema kwamba mlingoti wa chuma ni kinga, maana hupokea radi badala ya madarasa. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kinga ya radi hulinda jengo ikiwa imeunganishwa barabara na vyuma vilivyozikwa ardhini. Haimlindi aliyesimama kando yake. Hali kadhalika, paa la bati juu ya kuta za tofali, lisilo na njia ya kuufikisha umeme ardhini, halitoshi kuitwa kimbilio.

Kwa hiyo mlingoti usimikwe pembeni, mbali na mstari wa wanafunzi na mbali na kuta. Ukiwa wa mti wa meta 8, shimo lisipungue meta 1.4, na shina likaguliwe kila mwaka kwa ajili ya mchwa, kwani upepo ukizidi mwendo mara mbili, nguvu yake juu ya bendera huzidi mara nne. Asiwepo mtoto wa kuukwea kamba inapokwama kwenye kapi. Bendera ya Taifa, kwa heshima yake, isizidiwe urefu.

Kuhusu radi, darasa la fizikia lina kipimo chake. Sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde. Kati ya mwali na ngurumo zikihesabiwa sekunde 30, radi i umbali wa kilometa 10 tu, na mwali ufuatao waweza kupiga pale pale shuleni. Bendera ishushwe mawingu yanapoanza kupanda. Ngurumo ikisikika kabla haijashushwa, iachwe ilowe, na asiikaribie mtu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Katika miezi ya mvua nyingi, ukuta wa ndani wa ofisi ya walimu wafaa zaidi: huko wageni wataiona vilevile, na rangi yake haitapauka upesi.