UCHAMBUZI: Kununua nyumba mashambani Ufaransa si kupata ukaazi

MATANGAZO ya nyumba za mawe katika jimbo la Creuse, eneo la Limousin katikati mwa Ufaransa, yamewavutia wageni kwa muda mrefu. Nyumba nzima yenye ghala na bustani huuzwa huko kwa fedha ambazo jijini Paris ni shida kununulia chumba kimoja. Swali ambalo wanunuzi wengi huchelewa kuliuliza ni kwa nini bei hiyo ikawa ya chini kiasi hicho, na ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Bei ina historia yake. Mwaka wa 1851 Creuse ilikuwa na takriban watu 287,000. Leo hawafiki 120,000. Kwa vizazi kadhaa wanaume wa huko walikuwa waashi waliofunga safari kila mwaka, wengi wao kwa miguu, kwenda kujenga Paris na Lyon, kisha wakarejea makwao majira ya baridi. Reli ilipoenea, wengi walihamia mijini moja kwa moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawamaliza vijana, na mashine zikapunguza haja ya vibarua mashambani. Watu waliondoka, nyumba zikabaki.

Sheria ya urithi nayo imechangia. Nchini Ufaransa mzazi hana uhuru wa kuwanyima watoto wake mali: mwenye mtoto mmoja sharti amwachie nusu, mwenye wawili thuluthi mbili, na mwenye watatu au zaidi robo tatu. Matokeo yake ni kwamba nyumba moja huweza kumilikiwa kwa pamoja na ndugu na binamu waliotawanyika nchi nzima. Mmoja akikataa kutia saini, paa linaendelea kuvuja. Msomaji aliyewahi kufuatilia kesi ya shamba la marehemu katika mahakama zetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika pengo hilo ndimo walimoingia wageni, hususan Waingereza, ambao idadi yao iliongezeka ndege za nauli nafuu zilipoanza kutua Limoges. Walitengeneza mapaa, wakawapa kazi mafundi na kuyapa maduka ya vijijini wateja wapya. Lawama kwamba wageni wamewanyang'anya vijana makao zina uzito katika pwani ya Bretagne na katika eneo la Basque. Kwa Creuse, ambako nyumba tupu zimejaa vijijini, lawama hiyo ni hafifu.

Kuhusu ununuzi wenyewe, Ufaransa haimbagui mtu kwa uraia wake. Hapa Kenya, Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mgeni kumiliki ardhi kwa njia ya kukodisha tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Huko mgeni hupata umiliki kamili. Mauzo husimamiwa na notaire, mwanasheria aliyeteuliwa na serikali. Baada ya mkataba wa awali, mnunuzi ana siku 10 za kujiondoa bila kupoteza chochote. Gharama za uhamisho kwa nyumba ya zamani, ambazo sehemu kubwa ni kodi, hufikia asilimia 7 hadi 8 ya bei. Aidha, nyumba nyingi za vijijini hutumia tangi la majitaka lililofukiwa uani. Likikutwa halifikii viwango, mnunuzi hupewa mwaka mmoja kulirekebisha. Kodi ya makazi ilifutwa mwaka wa 2023 kwa nyumba anamoishi mwenyewe, lakini nyumba ya pili bado hutozwa.

Hayo yote yameandikwa na mwenye subira ataweza kuyasoma. Lililowashangaza Waingereza lilitoka kwao wenyewe. Uingereza ilijiondoa katika Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, na kuanzia Januari 1, 2021 raia wake asiye na kibali cha ukaazi haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, hata kama hati ya nyumba ina jina lake. Ukitaka kukaa zaidi unaomba viza. Hati humruhusu kuuza, kupangisha na kurithisha, ila kulala ndani anavyotaka hairuhusu. Zaidi ya Waingereza 700 waliokuwa madiwani katika mabaraza ya miji na vijiji vya Ufaransa nao walipoteza haki ya kutetea viti vyao mwaka huo wa 2020. Kwa vijiji vinavyohangaika kupata wagombea, hiyo haikuwa hasara ndogo.

Maseneta walijaribu kulegeza mambo. Katika sheria ya uhamiaji iliyopitishwa Desemba 2023 waliingiza kipengele cha kuwapa Waingereza wenye nyumba za pili haki ya viza ya muda mrefu bila utaratibu mrefu. Januari 25, 2024 Baraza la Katiba lilikifuta, kwa hoja kwamba hakikuhusiana vya kutosha na mswada wenyewe. Kama wenye nyumba walistahili afueni hiyo, Baraza halikusema. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaonakili alama za vidole pamoja na tarehe za kuingia na kutoka, hivyo hesabu ya siku 90 haitegemei tena muhuri uliofifia ndani ya pasipoti.