Queen pale Wembley: majibu kwa wabishi wa stendi ya Same

Stendi ya Same, mabasi ya Arusha yakishashusha abiria, hakukosekani mjuzi wa kila kitu. Safari hii mada ilikuwa bendi ya Queen na rekodi ya tamasha lao la uwanja wa Wembley, Jumamosi ya Julai 12, 1986. Yalisemwa mengi, na mengine hayafai kuachwa yapite.

Eti Queen walikuwa wanaaga. Wanaaga nini? Julai 27 walipiga Budapest, na Agosti 9 wakamalizia ziara Knebworth, hukohuko Uingereza. Tena ndani ya rekodi yenyewe mwimbaji wao, Freddie Mercury, anawaambia mashabiki kwamba habari za bendi kuvunjika ni uzushi. Huzuni tumeipachika sisi, kwa kuwa albamu ilitoka 1992, naye alifariki Novemba 24, 1991.

Linalonikera zaidi ni hili la kwamba jukwaani watu wanabahatisha tu, kazi halisi iko studio. Sikilizeni Bohemian Rhapsody. Ile sehemu ya katikati, sauti zimerundikwa juu ya sauti, watu wanne hawaiwezi jukwaani. Queen hawakujifanya: walijitoa, mkanda wa studio ukapigwa, wakarudi kwa kishindo gitaa lilipoingia. Kwa hiyo studio mnayoisifu imo humo, na ilipopigwa jukwaa lilikuwa tupu! Kisha msikilizeni Freddie akitupa kipande cha sauti, umati unakidaka. Anakipinda, nao wanakipinda. Studio gani ina waitikiaji elfu sabini? Mkitaka kulalamika, lalamikieni albamu yao ya Live Magic ya Desemba 1986, ambayo nyimbo zake zilikatwakatwa, hata hiyo sehemu ya katikati ikaondolewa.

Yupo pia anayedai Freddie ni wetu, basi na muziki ni wetu. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, kweli. Lakini alisomea India, akahamia Uingereza 1964, na pale Wembley sisikii hata chembe ya taarab.

Na yule wa "mambo ya Kizungu, Upareni yanatuhusu nini?" Ndugu yangu, wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walipanda milima hii mwaka 1903, na leo tenzi zilizotoka ng'ambo zinaimbwa kule Mamba milimani kila Sabato bila mtu kuziuliza pasipoti. Mwalimu wa kwaya akitoa sauti, waimbaji wakaipokea, anafanya kilekile alichofanya Freddie. Ila Freddie hakuwahi kufanya mazoezi na wale watu.