“Ni Hisani Tu”: Majibu kwa Kamati ya Usiku wa Poka

Kikao kilikuwa cha Jumapili, baada ya pilau. Chama chetu, sisi watu wa pwani na bara tuliotupwa na riziki katika jimbo la Michigan, kilitaka kuchangisha fedha za kukarabati zahanati nyumbani, na mtu akaleta wazo la usiku wa poka. Wazo si geni huku. Makanisa, vikosi vya zimamoto na vyama vya wazazi hufanya hivyo: unalipa kiingilio, unapewa chipu, unacheza mpaka zikuishie, na sehemu ya fedha inakwenda kwenye jambo jema. (Nasema chipu kwa makusudi. Nikisema chipsi, nusu ya kikao wataulizia kachumbari.)

Nimewahi kugawa karata katika shughuli za namna hii, kwa hiyo nilikaa kimya nikasikiliza. Nilichosikia ni maneno matatu yakirudi kama kibwagizo cha taarabu: ni hisani tu. Sheria za nini, ni hisani tu. Kibali cha nini, ni hisani tu. Naomba kujibu kwa maandishi, maana siku ile mwenyekiti alinipa dakika mbili, na moja iliishia kwenye salamu.

“Wengi hawajui poka, tusiwabane na sheria.” Hoja hii ni ya shemeji yangu, na ina huruma ndani yake. Tatizo ni kwamba meza isiyo na sheria haimpendelei mgeni. Inampendelea mzoefu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua pa kupenyeza mkono. Chukua dau la vipande vipande. Mtu anasogeza chipu mbili katikati, anamtazama mwenzake usoni, akiona amesinyaa anarudi kwenye rundo lake na kuongeza nne nyingine. Mgeni hajui kilichopita hapo. Ameshasomwa kama barua. Ndiyo maana sheria inadai dau liingie kwa mwendo mmoja wa mkono, au utaje kiasi kwanza ndipo usukume. Ukitamka katika zamu yako, umefungwa na kauli yako. Ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno, umelipa dau lililopo na hukuongeza kitu, hata kama moyoni ulinuia kuongeza.

Zamani kila ukumbi ulikuwa na kanuni zake, na mchezaji aliyesafiri alijikuta mkosaji kwa jambo lililokuwa halali alikotoka. Mwaka 2001 baadhi ya wasimamizi wa Marekani, wakiwamo Matt Savage na Linda Johnson, walianzisha chama cha wakurugenzi wa mashindano ya poka na kuanza kuandika kanuni za pamoja. Kanuni yao ya kwanza inampa msimamizi ruhusa ya kuweka maandishi kando pale haki inapodai hivyo. Shemeji aliing'ang'ania hiyo: si unaona, hata wao wanalegeza! Wanalegeza kwa ajili ya haki, shemeji. Ukimhurumia aliye kiti cha tatu, umemnyang'anya aliye kiti cha saba, na yeye naye amelipa kiingilio kilekile.

Upo ulegezaji ninaoukubali. Nusu saa ya mafunzo kabla ya kuanza. Dau za lazima zipande taratibu katika saa ya kwanza. Wanaoishiwa mapema waruhusiwe kununua tena, jambo ambalo kwa kweli ndilo linalojaza kapu. Na kila meza iwe na karatasi ya ngazi za karata, ili mtu asiulize katikati ya mchezo kama karata tano za aina moja zinashinda tano zinazofuatana. (Zinashinda. Lakini akishauliza, meza nzima imejua alichoshika.) Hayo yote hupangwa kabla ya kugawa. Karata zikishafika mkononi, kila mkono una mwenyewe mmoja.

Hapo kwenye mwenyewe mmoja ndipo palipowaka moto. “Kusaidiana si kosa,” walisema, “sisi ni ndugu.” Ninaelewa linakotoka. Tumekulia kwenye karata za barazani, mnacheza wawili kwa wawili, jicho moja likikonyeza na jingine likijifanya halijaona, na ufundi wa kukonyeza ni sehemu ya utamu. Poka haina mwenza. Mume akimwinamia mkewe na kumnong'oneza “tupa hiyo,” ameingia kwenye mchezo ambao hakulipia kiti, dhidi ya watu wengine saba waliokaa peke yao.

Lililo gumu zaidi ni lugha. Mashindano mengi ya Marekani yanaamuru Kiingereza peke yake wakati karata zimo mikononi, na kanuni za wakurugenzi zinataka ukumbi utangaze mapema lugha zinazokubalika. Wajumbe wawili waliliita hilo ubaguzi. Nami ningeliita hivyohivyo, kama nisingekuwa mgawaji usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, kwenye meza yenye Waswahili wawili na Mmarekani mmoja aliyewahi kupanda Kilimanjaro. Mmoja wetu, akiwa na karata zake kifuani, akamwambia mwenzake kwa sauti ya utani, “Mimi leo nimelala na mzungu wa nne.” Yule Mmarekani akashtuka kwa furaha. Neno mzungu alilijua, aliitwa hivyo kila kona ya Moshi. “Mnanisema mimi?” Meza ikacheka. Naye akacheka kuliko wote, kisha akasukuma chipu zake zote.

Wasiojua karata za kwetu niwaambie: mzungu wa nne ni mfalme. Mtu ametangaza karata yake mbele ya mgawaji, kwa lugha ambayo watatu tu pale mezani waliielewa, na mmoja wa hao watatu nilikuwa mimi, niliyeapa kutokuwa na upande. Nilisimamisha mchezo nikamwita msimamizi. Ndugu zangu wawili walikalishwa nje mzunguko mzima. Mmoja wao mpaka leo hunisalimu kwa mbali. Kwenye usiku wetu, tukitaka Kiswahili, na tukitake, kitangazwe mlangoni kama lugha ya meza, na asiyekijua asiketishwe bila kuambiwa.

“Adabu za mezani ni mbwembwe za watu wa televisheni.” Hili sitalikalia sana. Mbwembwe za televisheni ni miwani myeusi na kusugua chipu kama tasbihi. Adabu ni mambo madogo: subiri zamu yako, kwa sababu ukitupa karata kabla ya wakati umemwonyesha anayetakiwa kucheza kabla yako njia ya bure. Ukijua umeshinda, funua. Kumwacha mtu aanze kukusanya fungu la katikati, kisha ulaze karata zako moja moja kwa tabasamu, hakuvunji kanuni yoyote iliyoandikwa, lakini hakuna meza inayokusahau. Na ukishindwa na mtu aliyecheza vibaya, meza mate. Mama aliyelipa ili zahanati ipate dawa hakuja kufundishwa hesabu za uwezekano na kijana aliyetazama video mbili usiku wa jana.

Sasa fedha. Mweka hazina alipendekeza tangazo liseme: “Fedha zote zinakwenda zahanati.” Nilimwuliza zote zipi, akasema ni namna ya kusema tu. Namna hiyo ya kusema ndiyo iliyoviua vyama vingi.

Tazama waliocheza na fedha kubwa kuliko sisi. Julai 2012, katika Mashindano ya Dunia ya Poka huko Las Vegas, watu 48 walilipa kiingilio cha dola 1,000,000 kila mmoja kwa ajili ya One Drop, shirika la maji lililoanzishwa na Guy Laliberté, yule wa sarakasi ya Cirque du Soleil. Kati ya kila milioni, dola 111,111 zilikwenda kwenye maji. Zilizobaki zilikuwa za zawadi, na mshindi, Antonio Esfandiari, aliondoka na dola 18,346,673. Mtu anaweza kusema hisani ilipata makombo ya karamu, takriban senti 11 katika kila dola. Hata hivyo jumla yake ni dola 5,333,328, na kila aliyeketi alijua mgawanyo huo kabla ya kutoa milioni yake. Jimbo la New Hampshire halikuacha jambo hili kwa dhamiri za watu: waendeshaji wanaochezesha kwa niaba ya shirika la hisani lazima walipe shirika hilo angalau asilimia 35 ya mapato, baada ya zawadi kutolewa.

Kwetu hesabu ni ndogo lakini ni ileile. Tuseme waje watu 60 kwa dola 50. Hizo ni 3,000. Ukumbi, chakula na kukodi meza vigharimu 1,200. Zawadi 900. Zahanati inabaki na 900, yaani senti 30 katika dola. Si aibu, ni fedha ambazo zisingekuwapo. Aibu ni kuandika “zote” kwenye tangazo, halafu mtu aliyetolewa mchezoni saa tatu usiku, akiwa na hasira na chupa ya soda, akaanza kupiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi.

Kibali. Binamu wa katibu, anayeishi Uingereza, alituma sauti kwenye WhatsApp akasema huko usiku wa hisani hauombi leseni. Kweli, hauombi. Lakini sauti ile iliishia kabla ya masharti. Sheria ya Kamari ya 2005 inaruhusu mchezo wa namna hiyo usio wa biashara, na kwa njia inayotumika sana kwa poka mchezaji halipi zaidi ya pauni 8 kwa siku, na zawadi zote kwa jumla hazizidi pauni 600, isipokuwa kwa fainali ya mfululizo wa michezo. Nasi hatuko Uingereza. Michigan ina leseni yake kwa ajili ya mashirika ya hisani, hutolewa na bodi ya michezo ya kubahatisha ya jimbo, na kisheria shughuli yenyewe inaitwa sherehe ya mamilionea. Jina limenichekesha tangu siku ya kwanza. Mamilionea wa zahanati.

Kodi je? Mtu alisema kiingilio kiandikwe kama mchango, watu wakakipunguze kwenye kodi zao. Hapana. Mamlaka ya kodi ya Marekani inakihesabu kama ununuzi wa nafasi ya kushinda, sawa na tiketi ya bahati nasibu. Anayetaka stakabadhi ya mchango atoe mchango, kando.

“Mshindi atarudisha, atake asitake, akikataa tutamjua.” Hili lilipigiwa makofi, na ndilo lililonisikitisha kuliko yote. Mwaka 2007 mwigizaji Don Cheadle, yule wa Hotel Rwanda, alishirikiana na mchezaji Annie Duke kuanzisha mashindano ya Ante Up for Africa kwa ajili ya watu wa Darfur. Kiingilio kilikuwa dola 5,000, na wachezaji waliombwa waahidi angalau nusu ya watakachoshinda. Waliombwa kabla. Kumgeukia mtu na kipaza sauti akiwa amesimama na bahasha yake, watu wakipiga vigelegele, si kumwomba. Ni kumkaba kwa makofi. Kama zawadi hatutaki itoke, tusiitangaze. Tutoe kanga, kikombe na jina ubaoni, na watu wajue hivyo tangu wanaponunua kiti.

Limebaki la mwisho, nalo lilisemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu Mzee wetu wa dini alikuwepo. “Nia ni sadaka, kwa hiyo si kamari.” Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na mikono yangu imegawa karata nyingi mno kwa mtu wa kuhubiri. Lakini hoja hii ina jibu la kale kuliko poka yenyewe. Neno ambalo Kurani inalitumia kwa kamari, maisir, lilikuwa na umbo lake kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu. Nyakati za baridi na njaa walichinja ngamia, wakampiga mafungu, wakavuta mishale kumi: saba yenye hisa, mitatu mitupu. Walioangukiwa na mitupu walilipa bei ya ngamia. Walioshinda, wasimulizi wanasema, hawakula ile nyama, waliwagawia maskini, na aliyekataa kucheza aliitwa bahili. Ilikuwa hisani hasa. Sura ya Al-Baqara haikanushi hilo: inasema mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha Al-Maida ikafunga mlango. Kwa hiyo tukimwambia Mzee kwamba sadaka inaigeuza kamari kuwa kitu kingine, tunamletea habari za mchezo uleule uliokatazwa tukidhani tumevumbua jipya.

Nilipendekeza kisanduku mlangoni, kabla ya meza ya chipu. Asiyecheza atie chake humo, apewe stakabadhi yake ya mchango, ale biriani ileile, jina lake lisomwe pamoja na ya wengine, na fedha za kisanduku ziende zahanati kwa hesabu yake, zisichanganywe na za mezani. Mwenyekiti alisema ni wazo zuri. Mzee hakusema ni zuri wala baya. Tulipokuwa tunavaa viatu aliniuliza swali moja, funguo za kisanduku atashika nani, na mpaka leo kamati haijampa jibu.