Dozi ya Nne Si Jibu

Si ajabu, hapa Newala, kumpokea mgonjwa aliyeharisha damu kwa miezi miwili, naye amekwisha kumeza metronidazoli mara tatu kwa kudhaniwa kuwa ana amiba. Naona kwamba kumpa dozi ya nne bila kipimo ni kulikwepa swali.

Utumbo mpana ni makazi ya matrilioni ya bakteria, na wengi wao si maadui. Huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa butirati, ambayo ndiyo lishe kuu ya seli za ukuta wa utumbo huo. Kwa wenye uvimbe sugu wa utumbo, kama ugonjwa wa Crohn, bakteria hao wenye manufaa hupungua. Kama upungufu huo ni chanzo au ni tokeo, sayansi haijakata shauri. Lakini antibiotiki isiyo na sababu huwaua pia walinzi hao.

Ini nalo limo katika habari hii. Takribani robo tatu ya damu yake hutoka tumboni kwa mshipa wa porta. Ukuta wa utumbo ukivuja, sumu za bakteria hulifikia moja kwa moja na kuchochea uvimbe. Pombe nyingi huulegeza ukuta huo. Kwa hiyo, msimu wa mabibo, mnywaji wa gongo hulidhuru ini lake kwa njia mbili.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowahusu Wahadzabe 27, ambao chakula chao ni pamoja na mizizi ya porini. Walikutwa na bakteria wa aina nyingi zaidi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Sisi tunayo ming'oko. Sidai kwamba inatibu. Nasema tusiione kuwa chakula cha aibu.

Mhudumu mwenzangu, kuhara kukipita wiki nne, pima choo na VVU, kumbuka kifua kikuu cha utumbo, kisha mpe mgonjwa rufaa mapema, iwe Ndanda au Mtwara. Nawe mgonjwa, antibiotiki uliyoandikiwa baada ya kupimwa imalize. Ya kujinunulia dukani kwa kukisia, iache. Nauli ya kwenda Mtwara ni mzigo, najua, lakini miezi ya kutibiwa kwa kubahatisha hugharimu zaidi.