NDEGE NI YETU, HESABU NAYO IWE YETU

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi mpaka tukaizoea kama kengele ya asubuhi. Lakini muhula uliopita ilinirudia kwa nguvu mpya. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala, na hoja ilikuwa kwamba Shirika la Ndege la Kenya, yaani Kenya Airways, liuzwe lote kwa matajiri. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, tukashinda, tukapigiwa makofi. Leo nimeshika kalamu kuungama kwamba tulishinda kwa mdomo tu.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Nilisema ati mali ya umma ni shamba la bibi, kila apitaye huchuma, kwa hivyo dawa ni kuuza. Kumbe dawa hiyo ilikwisha kunywewa zamani! Hebu tutazame historia.

Shirika hili lilizaliwa mwaka 1977, wakati East African Airways, iliyokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Serikali ikalimiliki kwa karibu miaka 20. Kisha KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26, na mwaka 1996 hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Nairobi. Wakenya zaidi ya 100,000 walizinunua. Kwa miaka kadhaa faida ilionekana, na nchi nyingine za Afrika zikawa zinatutazama kama mfano. Mpaka hapo ningestahili makofi yangu.

Lakini haya yaliyofuata sikuyasema siku ile. Kuanzia mwaka 2012 shirika lilianza mpango mkubwa wa kupanua safari, mpango ulioitwa Mawingu. Ndege kubwa na za bei kali zikaagizwa. Ya kwanza ya aina ya Boeing 787 ilitua Nairobi Aprili 2014. Jameni, zilifika wakati mbaya! Uwanja wa Jomo Kenyatta ulikuwa umeungua Agosti 2013, mashambulizi ya kigaidi yalikuwa yamewafukuza watalii, na Ebola ikakatiza safari za Liberia na Sierra Leone mwaka 2014. Isitoshe, shirika lilikuwa limefunga mapema bei ya mafuta. Bei ya dunia ilipoporomoka, lenyewe likabaki kubeba mzigo wa mkataba wa zamani. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016, hasara ilifika shilingi bilioni 26.2. Wakati huo serikali haikuwa na hata theluthi moja ya hisa. Sasa niambieni, kuuza kulituponya nini?

Tena tazameni jirani zetu. Ethiopian Airlines ilianza safari zake mwaka 1946, na ni mali ya serikali ya Ethiopia. Hata hivyo ndiyo iliyokua ikawa shirika kubwa kuliko yote barani Afrika. Kwa hivyo swali la kuuza au kutouza si swali lenyewe. Swali ni nani anayeshika daftari, na anamwonyesha nani.

Mwaka 2017 madeni mengi yaligeuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki ya hapa nchini asilimia 38.1, nayo KLM ikabaki na 7.8. Wale wananchi wa mwaka 1996 wakabaki na makombo. Serikali pia ilijitia kuwa mdhamini wa mikopo ya dola milioni 750. Shirika liliposhindwa kulipa sehemu kubwa ya mikopo hiyo, Hazina ya Taifa ikaubeba mzigo.

Na Hazina ni nani? Ni mama auzaye sukuma wiki pale stejini Kapsoya. Akinunua kredi ya simu ya shilingi 20, ushuru umo. Ndege anaisikia ikipita juu ya kibanda chake, anainua macho, kisha anaendelea kukata mboga. Hajawahi kuipanda, na pengine hataipanda, lakini nauli yake keshalipa.

Wenzangu wengine husema wacha tulipe, ndege ni fahari ya taifa. Siwapingi. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege yetu iliruka kutoka Nairobi mpaka New York bila kutua popote, safari ya saa 15 hivi. Hata mimi nilijisikia mrefu! Wengine huuliza mbona haziruki moja kwa moja kutoka hapa kwetu, ilhali tuna uwanja wa kimataifa tangu 1997, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.5. Sababu moja ni hewa. Uwanja wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa hii nyembamba inayowakomaza wanariadha wetu huipunguzia ndege nguvu ya kupaa na mzigo mzito. Basi sidai ndege ya London mlangoni. Jambojet, kampuni tanzu ya shirika hili, hutuunganisha na Nairobi tangu 2014. Ninachodai ni hesabu.

Mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Tukashangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, bilioni 12.2, huku ndege tatu za aina ya 787 zikiwa zimelala kwa kukosa injini. Mgonjwa huyu hajapona, na kesho huenda akaomba tena.

Akiomba, maoni yangu ni haya. Asipewe shilingi ya umma kabla masharti hayajachapishwa magazetini, kwa Kiswahili ambacho yule mama wa stejini anaweza kusomewa na mwanawe. Kila mkataba mkubwa wa ndege au mafuta uelezwe Bungeni kabla ya kutiwa sahihi, si baada ya hasara. Na wakurugenzi wakishindwa waondoke, kama kiranja anavyovuliwa cheo hapa shuleni.

Nikitamatisha, namwomba mwalimu mlezi wa chama aturudishie mjadala ule muhula ujao, ila hoja ibadilishwe iwe: "Anayelipa ana haki ya kuona daftari." Safari hii nitaunga mkono tena, na sitapiga kelele. Nitakuja na hesabu.